Ziwa Lililoambiwa Karibu Tena

Ngano hodi.

Nikisema hivyo, nyie mnaitika: Pita, tumekupisha.

Ngano hodi.

Pita, tumekupisha.

Haya, napita. Pukuchueni mahindi, mikono isilale, masikio nipeni mimi. Na wewe Sekela uliyeitikia nusu, nimekusikia. Nusu iliyobaki usiimeze, tutaihitaji mbele.

Hii ya leo sikuhadithiwa na mtu. Niliiona. Mimi Ambakisye nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimekunja miguu, nakula kiazi, na jambo lote likapita mbele yangu kama ninavyowaona nyie. Kuna watu hapa kijijini wanasimulia vitu walivyosikia kwa shangazi zao. Mimi shangazi zangu ndio wanakuja kuniuliza.

Unasemaje, Sekela? Eti zamani hizo nilikuwa nimezaliwa? Sikuwa nimezaliwa vizuri. Macho yalitangulia, mwili ukafuata. Tuendelee.

Zamani, zamani sana, wakati mawe bado mabichi na jua likipanda mlima linapanda kwa miguu, kulikuwa na mlima mrefu. Mrefu kiasi gani? Mwewe akitaka kufika kileleni alikuwa anafungasha chakula cha njiani. Na juu kabisa, mahali ambapo hata baridi yenyewe inajifunika blanketi, palikuwa na ziwa.

Ziwa lile lilikuwa kubwa. Nikisema kubwa simaanishi haya madimbwi yenu. Bata akianza kuogelea upande huu akiwa kifaranga, akifika ng'ambo ana wajukuu. Tena lilikuwa juu mno, karibu na mbingu, hata mwezi ukipita ulikuwa unainua pindo la kanzu usilowe. Nyota zilikuwa zinalala humo humo. Ukitaka kuchota maji alfajiri unazipuliza kwanza pembeni, fuu, kama unavyopuliza utandu wa maziwa, ndipo unachota. Mimi nilizipuliza. Zina ubaridi fulani mdomoni, kama mnanaa.

Mwalimu wangu wa jiografia alinikatalia. Nikamuuliza, ulikuwepo? Akafuta ubao. Ndiyo maana niliacha shule darasa la tano, nilikuwa nawaaibisha.

Sasa, ziwa lile halikuwa la pale. Lilikuwa mgeni.

Lilikuja likiwa wingu, limechoka, limetoka mbali, limebeba mvua yake mgongoni kama mama aliyetoka sokoni. Likafika juu ya mlima, likapiga hodi. Akaitika nani? Akaitika Chura. Siyo huyu wa ngano yetu, ni bibi yake. Bibi yule alikuwa anakaa kwenye bonde kavu, yeye na wanawe wamejibanza chini ya jiwe moja lenye umande. Akasema, "Karibu. Karibu uketi." Wingu likaketi bondeni. Likawa ziwa.

Na ziwa lilikuwa na adabu. Mgeni mwenye adabu hajisahau. Kila alfajiri lilikuwa linaamka, linasimama, linaaga. Nyie mkiona ukungu umesimama juu ya maji asubuhi mnadhani ni baridi. Siyo baridi. Ni maji yamesimama, yanaaga.

Linasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kuamsha watoto: "Mwenyeji wangu, nashukuru kwa malazi. Naomba ruhusa niende zangu."

Na mwenyeji mwenye adabu je? Hatoi ruhusa. Si mnajua wenyewe. Mgeni akisema naondoka, unamwambia unaondokaje na chakula kiko jikoni? Hata kama huko jikoni paka amelala juu ya mafiga. Basi Chura alikuwa anaitikia:

"Keti. Keti kwanza. Bado mapema, uji uko jikoni."

Uji wenyewe haukuwepo. Chura hana sufuria, hana mwiko, na unga hajawahi kuuona. Lakini ziwa likisikia vile lilikuwa linacheka kidogo, viwimbi vinakimbia mpaka ukingoni, linasema, "Haya, nikae kidogo." Ukungu unashuka taratibu. Ziwa limeketi. Jua linafika juu linahema, linakuta maji yapo.

Bibi alisema keti mpaka akafa. Mama akasema keti mpaka akafa. Ikawa zamu ya Chura huyu wetu. Kwao hajawahi kuondoka mgeni hata mmoja, kwa hiyo maneno ya kumuaga mgeni hayakujulikana katika ukoo ule. Yafundishwe ya nini? Walijua karibu, walijua keti, wakatosheka. Shikeni hapo.

Chura alikuwa na watoto. Viluwiluwi wengi kama punje hizo mlizomwaga, bado hawana miguu, ni kichwa na mkia, wanacheza kwenye maji madogo kati ya matete. Mtoto wa Chura bila maji siyo mtoto, ni uzi ulioanguka njiani. Na Chura alilijua hilo. Ndiyo maana kila alfajiri, umande umeganda kwenye majani na wenzake wote wamejikunja, yeye alitoka kwenye tope lenye joto, akavimbisha koo, akasema keti. Keti, keti, keti.

Wenzake walimshukuru? Wee.

"Mama Viluwiluwi," Nyati alikuwa anamwambia, "kila siku neno moja. Watu hatulali. Huna wimbo mwingine?"

"Siimbi, baba. Namkalisha mgeni."

"Mkalishe kimyakimya."

Kisha Nyati anainama, anakunywa mpaka mbavu zinalia, anaondoka zake. Nani amwambie Nyati keti inasemwaje kimyakimya?

Sasa akaja Fisi.

Fisi alipanda kutoka chini ya mlima akifuata harufu. Akafika ukingoni, akachungulia. Maji yale yalikuwa safi, unaona chini, na chini ya chini. Akaona kambare. Wanene, wanatembea polepole, mikono nyuma, kama wakaguzi. Mate yakamtoka Fisi, ziwa likapanda kidogo.

Tatizo, Fisi haogelei. Akiingia majini anakwenda moja kwa moja kusalimiana na mawe. Akalala kwenye nyasi, anafikiri, mpaka usingizi ukampitia. Alfajiri akasikia ziwa linaaga. Akasikia Chura anasema keti. Akauona ukungu unashuka. Akaelewa mambo yote. Fisi ana akili nyingi, ila zinafanya kazi chini ya tumbo lake.

Jua lilipowaka akaenda mpaka kwenye matete.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," Chura akasema. "Ushemeji umetoka wapi?"

"Kwa marehemu mume wako."

"Marehemu hakuwa na ndugu mwenye manyoya."

"Tumekunywa maji mamoja, shemeji, undugu gani unaoutaka zaidi ya huo? Nimekuja kwa sababu nakuonea huruma. Kule chini ya mlima unasemwa."

"Nasemwa nini?"

"Eti mgeni anaomba ruhusa kila siku ya Mungu, wewe unamng'ang'ania. Wanakuita Mama Gundi. Mimi nimekutetea. Nimewaambia siyo gundi, ni kamba."

Chura akaona haya mpaka madoa ya mgongoni yakabadilika rangi. Hakuwahi kusemwa na watu asiowajua. Siku nzima alikaa akiangalia ziwa, akiwaza: hivi kweli namfunga?

Alfajiri ziwa likasimama. Likawa refu, jeupe, limejishika pindo. "Mwenyeji wangu, nashukuru kwa malazi. Naomba ruhusa niende zangu."

Chura akavimbisha koo. Akakumbuka gundi. Koo likanywea.

"Keti," akasema, sauti kama ya mbu. "Kama hutajali."

Ziwa likatega sikio. Likaketi, lakini likaketi upande, kama mtu aliyepewa kiti chenye msumari. Jua lilipofika, matete yote yalikuwa yanaonyesha vifundo vya miguu. Maji yameshuka.

Fisi akarudi. Mara ya pili.

"Hodi, shemeji. Naona macho yamekuvimba."

"Macho ya chura ndivyo yalivyo."

"Hapana, haya ni ya kukosa usingizi. Wewe ulilala alfajiri mara ya mwisho lini?"

Chura akafikiri. Akarudi nyuma kwenye maisha yake yote, akapekua, hakuona. Alfajiri ya mwisho kulala alikuwa bado na mkia.

"Lala basi," Fisi akasema. "Kesho nitaitika mimi. Neno lenyewe moja, keti. Linanishinda?"

Chura alikuwa amechoka. Nyie mnacheka, lakini mtu aliyechoka akiambiwa lala, haulizi anaambiwa na nani. Akajifukia kwenye tope la joto, akalala. Akaota.

Aliota ziwa linatembea juu ya nyasi. Limevaa kanga nyeupe, miguu haigusi chini. Watoto wake wanaogelea ndani ya pindo la ile kanga, wanamwita mama, mama, kwa sauti ndogo za mapovu. Naye anataka kusema keti, lakini mdomoni ana nyota. Kila akifungua mdomo inatoka nuru badala ya sauti. Nuru inaanguka kwenye nyasi, inazimika. Ziwa linapita.

Mnaniuliza ndoto ya Chura niliionaje? Nilikuwa juu ya jiwe, nimewaambia. Kutoka pale unaona mbali.

Huku nje ziwa likasimama, likaaga. Fisi akasogea ukingoni, akasafisha koo.

"Nenda tu, ndugu yangu. Safari njema."

Ziwa likamtazama. "Wewe ni nani wa hapa?"

"Mimi ni shemeji wa mwenyeji."

"Ruhusa haitolewi na mashemeji. Mwenyeji wangu yuko wapi?"

"Amelala."

Ziwa likatikisika. Bata waliolala juu yake wakayumba usingizini. "Amelala," likasema, "na mimi naaga?"

Fisi hapo alitakiwa kunyamaza. Lakini si mnamjua, hata msibani hajizuii. Akacheka. Kile kicheko chake cha kupanda ngazi, hi hi hii, mpaka kikagonga ng'ambo kikarudi.

Ziwa likaketi, kwa sababu halikuwa na ruhusa. Ila liliketi limegeuza mgongo. Na maji yakashuka mpaka bata wakaamka wanatembea kwa miguu, wanaangaliana, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye kayanywa.

Fisi akaondoka pale na jambo moja kichwani: ruhusa lazima itoke kwenye kinywa cha Chura mwenyewe.

Chura aliamka jua limekwisha kuwa kali. Akaona maji yako mbali. Akaona watoto wake wamebanana kwenye kidimbwi cha matete, mikia inapigana. Moyo ukamruka kuliko anavyoruka mwenyewe. Na Fisi huyo, mara ya tatu, anakuja anatikisa kichwa kama mtu anayeleta habari za kifo.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Umefanya nini?"

"Mimi? Nimesema keti, mgeni akakasirika. Anasema amechoka na keti. Keti, keti, kama anaambiwa mtoto darasani. Mgeni mkubwa vile."

"Bibi alisema keti. Mama alisema keti."

"Mama yako na bibi yako walikuwa watu wa zamani, Mungu awarehemu. Siku hizi kuna neno la heshima. Mimi nimetembea, nimefika kwa watu wenye milango ya mbao. Mgeni wao akisimama, wanatabasamu, wanasema 'karibu tena'."

Chura akalizungusha lile neno mdomoni. "Karibu tena."

"Ehe."

"Karibu nalijua. Ndilo bibi alilosema siku ya kwanza, mgeni akaketi."

"Si umeona."

"Na tena ni tena. Akaribie tena. Yaani akae tena."

"Shemeji," Fisi akasema, ameinamisha macho kwa unyenyekevu, "hayo umesema wewe."

Nyie mnacheka. Mmezaliwa kwenye nyumba ambazo wageni wanaondoka. Mama zenu wamesimama mlangoni wanasema karibu tena, karibu tena, huku wanashukuru Mungu sahani zimebaki. Chura hakuwahi kusikia. Alipima neno lile kwa haki kabisa, akaliona zuri kuliko keti.

Akashinda siku nzima analifanyia mazoezi. Karibu tena. Karibu tena. Nyati akapita kwenda kunywa, akamsikia. Nyati alikuwa analijua neno lile na maana yake. Akasimama kidogo, masikio yakacheza.

"Leo umebadilisha kelele, Mama Viluwiluwi."

"Ni neno la heshima, baba."

"Afadhali," Nyati akasema. Akanywa, akaondoka. Hakuuliza unamwambia nani. Alifurahi tu kwamba keti imekwisha.

Alfajiri ikafika. Mimi kiazi kilikuwa mkononi, sijakimenya. Ziwa likasimama pole pole, likiwa na huzuni ya jana.

"Mwenyeji wangu, nashukuru kwa malazi. Naomba ruhusa niende zangu."

"Karibu tena," Chura akasema.

Ziwa likashtuka. "Umesemaje?"

"Karibu tena."

"Sikukusikia vizuri, mwanangu. Sema mara ya mwisho."

Chura akavimbisha koo kuliko siku zote. Akaweka humo mapenzi yake yote, na watoto wake wote, na bibi na mama. "Karibu tena."

Mlima mzima ukasikia.

"Asante," ziwa likasema. "Mmenitunza vizuri. Sikujua kama ni leo."

Likainua mapindo. Kwanza ng'ambo, halafu katikati, halafu huku kwetu. Likajikunja taratibu kama mtu anayekunja shuka bila kuamsha aliyelala. Nyota zilizokuwa humo zikadondoka, zikapanda juu zenyewe kutafuta pa kukaa, na mpaka leo zimekaa huko. Bata walikuwa bado usingizini, wakabebwa juu ya ukungu, vichwa chini ya mabawa. Mlima wote ukawa mweupe, kimya, hujui juu wala chini. Ukungu ulipita usoni kwangu, unanukia kama nguo zilizoanikwa. Kisha ukapita, na pale palipokuwa na ziwa pakabaki tope. Tope jeusi, linang'aa, mpaka ng'ambo. Na kambare wanapiga mikia.

Fisi alikwisha kuingia. Alikula. Sitaki kuwadanganya, alikula mpaka kambare wakaanza kupungua duniani.

"Fisi," Chura alimwita kutoka kwenye matete, "mbona limekwenda? Nimesema kama ulivyonifundisha."

Fisi akajibu mdomo umejaa. "Shemeji, karibu tena anaambiwa anayeondoka."

Chura akageukia kidimbwi cha watoto wake.

Fisi yeye alitaka kusogea kwa kambare wa mbele, akakuta miguu ya nyuma haitoki. Tumbo limekuwa zito, tope limeshika. Akavuta, akavuta, mchana kutwa anavuta. Ya mbele ikarefuka kwa kuvuta, ya nyuma ikatoka imebaki mifupi. Mwangalieni leo anavyotembea, kama mtu anayetafuta kiti. Hakuna anayemwambia keti.

Chura alikuwa na watoto. Kidimbwi kimekauka, viluwiluwi wamelala juu ya tope wanafungua midomo na kufunga. Akatazama huku na huku. Pale Nyati alipokuwa anasimama kunywa kulikuwa na alama za kwato, zimeingia ndani, na kila alama ina maji kidogo, kama kikombe cha kahawa. Akawabeba watoto wake kwa mdomo, wachache wachache, akawatia kwenye alama zile. Nyati akaja na kiu yake. Akaona bonde, akaona watoto. Akaelewa ile afadhali yake ilikuwa afadhali gani. Hakunywa. Alisimama juu yao, akawawekea kivuli.

"Nenda," akamwambia Chura. "Mimi nitasimama hapa. Ila jua ni kali, Mama Viluwiluwi, na vikombe vyenyewe ni vidogo."

Chura akaruka. Alikuwa hajawahi kutoka bondeni. Akaruka juu ya nyasi, juu ya mawe, akifuata ule weupe unaoteremka. Akaukuta kwenye msitu wa mianzi. Ziwa lilikuwa linatembea polepole, lisiwaamshe bata.

Akataka kusema keti. Akajizuia. Mtu yuko njiani, mzigo kichwani, unamwambia keti, aketi wapi? Ndipo Chura akafikiri kwa akili yake mwenyewe, bila shemeji.

"Mgeni wangu," akasema, "nimekuja kukusindikiza."

Ziwa likafurahi. "Umefanya vyema. Nilikuwa naona vibaya kuondoka peke yangu. Nisindikize mpaka mianzi inapoisha."

Mianzi ikaisha. "Panatosha," ziwa likasema. "Rudi sasa."

"Mbele kidogo," Chura akasema.

Wakafika kwenye mawe yenye ndevu za kijani. Chura miguu inamuuma, ngozi imeanza kukauka, inambana kama nguo ya mtoto. "Panatosha, mwanangu. Rudi."

"Mbele kidogo."

Wakafika ukingoni, mahali mlima unapokwisha na kuanza anga ya watu wengine. Chini huko mabonde yamelala ya bluu, moja nyuma ya lingine, na upepo unavuta ukungu kwa mkono. Ziwa likageuka.

"Hapa sasa panatosha kweli. Ukipiga hatua nyingine hutarudi."

"Haya, panatosha," Chura akasema. "Nimekusindikiza?"

"Umenisindikiza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kunisindikiza hivi."

"Basi na mimi nisindikize," Chura akasema. "Hivi kwenu mtu anakusindikiza, halafu wewe unamwacha arudi peke yake? Njia siijui. Nimekuja nakufuata wewe tu."

Ziwa likamtazama kale kachura, kamekauka, macho makubwa. Likacheka. Viwimbi vikapita ndani ya ukungu mpaka bata mmoja akafungua jicho.

"Kweli," likasema, "haitapendeza."

Likageuka. Wakarudi pamoja, ziwa na Chura, wakipita kwenye mawe yenye ndevu, wakipita kwenye mianzi. Ziwa lilimchukua juu ya pindo asiumie miguu. Wakafika bondeni. Nyati amesimama, hajasogea, vikombe vimebaki unyevu tu. Na Chura akasimama mlangoni pake akasema, kwa sauti ya bibi na ya mama:

"Keti. Keti kwanza. Umechoka na safari, uji uko jikoni."

Ziwa likaketi.

Maji yakapanda kwenye alama za kwato, yakapanda kwenye matete, yakafika ng'ambo. Viluwiluwi wakaogelea. Na tangu siku hiyo kila alfajiri Nyati anaamka na wenzake wote, wanasimama ukingoni nyuma ya Chura, wanasema naye, wenye sauti nzuri na wenye sauti mbaya.

Funzo lake mlichukue, nalitoa mara moja tu. Kitu kizuri kinachokaa kwenu kimekuja kwa adabu na kinaweza kuondoka kwa adabu. Mkikizoea mkaona ni chenu, siku kinaaga hamtasikia. Na yule mwenzenu anayeamka kwenye baridi kukibakiza kwa ajili yenu wote, msimwambie anapiga kelele. Amkeni naye. Na neno usilolijua, ukipewa na mwenye njaa, kaulize kwanza.

Ngano nimeikunja, naiweka begani. Aliyeiona ndefu aikate, aliyeiona fupi aivute, mimi nashuka kwenye jiwe langu.

Unasemaje, Sekela? Ziwa lenyewe liko upande gani, ukachote?

Ah. Wewe mwanamke.

Haya. Mpaka pale ukingoni ni kweli tupu. Ziwa liliaga, Chura alilisindikiza, na ombi lake aliomba vile vile nilivyosema. Ila lile la ziwa kugeuka, lile nimelitia mimi. Ziwa lilimwambia asante sana, likashuka upande wa pili na bata wake, na kule juu sasa ni bonde la vumbi, mtu anavuka kwa baiskeli. Sikutaka kulitia. Ila nilipofika pale ukingoni nikawatazama, mikono yenu yote ilikuwa imesimama, hakuna anayepukuchua, na wale watoto walikuwa bado kwenye alama za kwato, jua linawaka. Ningewaachaje pale?